Geti la Shamba Huanzia Chini ya Ardhi

Mwaka jana niliitwa kwenye shamba moja la mikorosho upande wa Kakuyuni, nje kidogo ya Malindi, kuangalia geti lililodaiwa kuvunjwa. Nilipofika nilikuta halijavunjwa. Lilikuwa limelazwa chali kwenye nyasi, kufuli bado limefungwa, mnyororo umekaza, rangi haina hata mkwaruzo. Wezi walilishika kwa chini, wakalinyanyua likachomoka kwenye pini za bawaba, wakaliweka kando kama mtu aondoavyo jamvi. Kisha wakaingia na pikipiki, wakabeba pampu ya maji na paneli ya sola. Mwenye shamba, mzee mpole, alikuwa akilitazama tu lile kufuli. "Mwalimu," akaniuliza, "na hili si waliniambia halikatiki?"

Kweli, halikukatwa.

Kwenye idara yetu ya uchomeleaji, hapa chuoni, watu huja kuuliza habari za geti karibu kila wiki. Wanauliza unene wa bati, ukubwa wa kufuli, kama mikuki ya juu iwe mirefu. Wanaouliza habari za nguzo ni wachache mno, na nguzo ndiyo geti lenyewe. Hayo mengine yameangikwa tu.

Chukua debe la maji la lita 20. Ukilibeba limegusa paja, unatembea nalo hadi nyumbani. Ukinyoosha mkono ulishike mbali na mwili, bega linalia kabla hujahesabu kumi. Uzito ni uleule, kilichobadilika ni umbali. Geti nalo ndivyo linavyoitesa nguzo yake. Ukitaka kujua bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu gani, zidisha uzito wa geti kwa nusu ya upana wake, kisha gawa kwa umbali uliopo kati ya bawaba ya juu na ya chini. Geti la ubawa mmoja lenye upana wa mita 3.6 na uzito wa kilo 120, bawaba zikiachana mita 1.2, linaivuta nguzo kwa kilo 180, mchana na usiku, hata kama hakuna mtu aliyeligusa. Ligawe liwe la mbawa mbili za mita 1.8, kilo 60 kila moja. Sasa kila nguzo inavutwa kwa kilo 45 tu, robo ya ule mzigo wa kwanza. Chuma ni kilekile, fundi ni yuleyule. Ndiyo maana mtu akiniomba geti la ubawa mmoja la kupitisha lori, huwa nabishana naye kwanza.

Nguzo hiyo isimikwe vipi? Kwa kawaida theluthi moja ya urefu wake huzikwa: nguzo ya mita 3, mita 1 iwe chini. Kwenye mchanga mwekundu wa Magarini mimi huongeza, nafika mita 1.2, kwa sababu udongo ule ukilowa hauna msimamo. Asiyeamini aende Marafa akalitazame lile korongo la Nyari aone mvua inavyoweza kuuchonga mchanga. Shimo liwe na upana wa sentimita 50 juu na litanuke kidogo kwa chini kama chungu, ili zege lishike ardhi lisichomoke. Juu ya ardhi zege limalizike kwa mteremko, maji yatiririkie mbali na nguzo badala ya kutuama hapo.

Zege lenyewe ni kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto. Hapa pwani kuna jambo ambalo watu hulipuuza kwa sababu bahari iko karibu na mchanga wake ni wa bure: mchanga wa ufukweni una chumvi, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi pia. Chumvi hiyo hukila chuma kilichomo ndani ya zege. Chuma kikipata kutu kinavimba, na kikivimba kinalipasua zege kutoka ndani. Tumia mchanga wa mtoni na maji matamu, hata kama ni ya kununua kwa mkokoteni. Lifunike zege kwa magunia na ulimwagie maji kwa siku 7. Nguvu yake kamili inahesabiwa kwenye siku ya 28, kwa hiyo fundi anayeangika geti kesho yake asubuhi anakuharibia kazi, hata kama ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine.

Wengi hupenda nguzo za mawe ya matumbawe, na sikatai, zinapendeza. Lakini jiwe na lipu vinastahimili kukandamizwa, havistahimili kuvutwa. Ukifunga bawaba kwenye mawe matupu, baada ya miezi michache utaona ufa mwembamba unashuka kutoka kwenye bawaba ya juu. Weka kwanza bomba la chuma la mraba, milimita 100 kwa 100, lenye unene wa milimita 4, likaenda hadi chini ya msingi. Bawaba zichomelewe kwenye bomba hilo, kisha ujenge mawe yako kulizunguka kama kanzu. Na uziunganishe nguzo mbili kwa mkanda wa zege na nondo uliozikwa chini, kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mkanda huo unazizuia nguzo kuinamiana, unamzuia mtu kuchimba apite chini, na ndio unaoshika tundu la komeo la katikati.

Wazee wa Lamu walilijua tatizo hili kabla yetu. Ule mlango wa kuchonga wa nyumba kongwe hauna bawaba. Ubao una vigingi viwili, kimoja juu na kimoja chini, vinavyozunguka ndani ya matundu. Uzito wote unasimama juu ya kigingi cha chini, haujaning'inia pembeni. Kwa geti zito la shamba fanya vivyo hivyo: chini weka pini nene inayozunguka ndani ya kikombe cha chuma kilichozamishwa kwenye zege, juu weka pete ya kulishikilia tu. Kutoka kwenye mlango uleule chukua pia mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba pengo la mbawa mbili. Kwenye geti, mfaa ni ukanda wa chuma bapa uliochomelewa kwenye ubawa mmoja. Bila huo, mtaimbo unapenya na komeo linanyanyuliwa.

Ukiamua kutumia bawaba za kawaida, pini ya chini itazame juu na ya juu itazame chini. Hilo peke yake lingemwokoa yule mzee wa Kakuyuni. Ukishalivisha geti huwezi tena kulinyanyua, kwa sababu kila upande pini moja inalizuia. Kufuli lifichwe ndani ya kasha la chuma lenye nafasi ya mkono wako tu, na liwe la shingo fupi, mkasi wa kukatia chuma usipate pa kung'ata.

Fremu ikiwa ya mbao, mshazari uanzie kwenye kona ya chini upande wa bawaba, uende hadi kona ya juu upande wa kufungia. Ukiugeuza, geti litalala baada ya msimu mmoja. Ukitumia waya au nondo nyembamba ni kinyume chake, kwa kuwa waya hufanya kazi ukivutwa, si ukisukumwa.

Kuhusu bati zima, mimi silipendi kwenye shamba la mbali. Kusi ikivuma kwa kilomita 54 kwa saa, kila mita ya mraba ya bati inasukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 14, na mzigo wote huo unarudi kwenye nguzo. Tena bati likishamficha mwizi aliyeingia, wapita njia hawamwoni. Nondo zilizoachana sentimita 10 zinamzuia mbuzi, zinapitisha upepo, na jirani anaona ndani.

Halafu kuna kutu. Bomba huoza kutoka ndani, kwa umande wenye chumvi unaoingia na kukosa pa kutokea. Ama uzibe ncha zote kabisa kwa kuchomelea, ama uache tundu dogo chini maji yatoke. Kabla ya kupaka rangi, lioshe geti kwa maji matamu likauke, maana rangi iliyopakwa juu ya chumvi itabambuka tu. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ndiyo mizuri kwa kazi hii. Na ukichomelea chuma cha zinki, kwangua zinki kwanza na ufanyie kazi nje penye upepo, moshi wake unaleta homa.

Geti lirudishwe ndani ya mpaka mita 5 au 6, gari lipate kusimama bila kuziba barabara, na lifungukie ndani. Hakikisha bikoni zako, yale mawe ya mpaka, kabla ya kuchimba. Kama kuna njia ya watu ya zamani inayopita hapo kwenda mtoni, zungumza na wanakijiji mapema, hata kama hati iko mkononi.

Yule mzee tulikubaliana mbawa mbili, pini za kupingana na mkanda wa zege chini. Tulipokuwa tukipima, mjukuu wake akaniita nikaone kitu. Hatua 30 kutoka getini, nyuma ya mnyaa, seng'enge ilikuwa imelala chini na mbuzi wa jirani walikuwa wakipita wamefuatana kama wanafunzi. Hiyo tuliitengeneza kabla hatujachimba shimo la kwanza.