Shombo la samaki, gongo na OH: dhana potofu kuhusu makundi tendaji (sehemu za molekuli zinazoamua tabia yake ya kikemia)

Dhana: Limao huondoa shombo kwa kulifunika na harufu yake kali.

Harufu ya limao husaidia kidogo tu. Kazi yenyewe inafanywa na asidi sitriki. Shombo la samaki hutokana zaidi na amini (kemikali zenye nitrojeni), kama trimethilamini. Nitrojeni ya amini ina jozi ya elektroni isiyotumika, nayo hunasa protoni kutoka kwenye makundi ya kaboksili (–COOH) ya limao. Amini inageuka chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo pua hainusi kitu. Ndiyo maana siki nayo inafaa.

Anayepaa sangara kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, azingatie mpangilio: kwanza asugue mikono kwa limao, asuuze, ndipo apake sabuni. Sabuni ya mche ni besi, yaani kinyume cha asidi. Ukianza nayo, amini hubaki huru na shombo linang'ang'ania. Magadi ni vivyo hivyo: ukiyatia juu ya limao, harufu inarudi.

Hili tunalisisitiza: limao halifufui samaki aliyeoza. Linafunga amini tu, bakteria na sumu zao zinabaki palepale. Kagua mashavu kama ni mekundu, na bonyeza nyama uone kama inarudi.

Dhana: Alkoholi ina OH, basi ni besi kama sodiamu haidroksidi.

OH ya alkoholi imeshikana na kaboni kwa bondi ya kovalenti, haiachii ioni za haidroksidi. Chovya karatasi ya litimasi nyekundu, ambayo besi huigeuza bluu, kwenye ethanoli (alkoholi ya kwenye pombe): haibadiliki.

Dhana: Kwa kuwa zina OH, alkoholi zote huyeyuka majini.

Methanoli, ethanoli na propanoli, ndiyo, kwa kiasi chochote. Butanoli-1 huishia karibu gramu 8 kwa mililita 100 za maji. Heksanoli-1 haifiki gramu 1. Mkia wa kaboni ukirefuka, OH moja haitoshi kuuvuta majini.

Dhana: Gongo ikiwaka kwa mwali wa bluu, haina methanoli.

Methanoli nayo huwaka kwa mwali wa bluu hafifu. Kundi tendaji la methanoli na ethanoli ni lilelile, OH, lakini njia mwilini ni mbili. Ini hugeuza ethanoli kuwa ethanali, kisha asidi ethanoiki, ambayo mwili unaitumia. Methanoli huwa methanali, kisha asidi methanoiki, inayoharibu neva ya macho. Dalili zaweza kuchelewa saa 12 au zaidi, kwa hiyo aliyekunywa na kuanza kuona ukungu asiambiwe alale pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja.