Je, wajua kwa nini shule imejaa madam lakini mwalimu mkuu ni mwanaume?

Ingia shule ya msingi ya mjini hapa Tanzania, iwe Temeke, Morogoro au Mwanza, chungulia ofisi ya walimu saa nne wakati wa chai. Utakuta madam kibao, huyu anasahihisha madaftari, yule anahesabu hela ya chapati, wanaume wawili watatu wamekaa kona. Afu sogea mlango wa pili, ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa shule nyingi nchini, aliyekalia kile kiti ni mwanaume. Inatokeaje?

Wengi wanajibu haraka tu kwamba wanawake hawapendi madaraka. Mimi naona hapo tunawaonea, maana ukimfuatilia mwalimu tangu siku anaripoti kituoni utaona njia ilishapinda mapema, kabla hata jina lake halijafika halmashauri.

Anza na hesabu. Chukua mfano, shule moja ya mjini ina walimu 40, wanawake 32. Shule tano za vijijini kila moja ina walimu saba, mwanamke mmoja mmoja. Jumla walimu 75, wanawake 37, yaani karibu nusu kwa nusu. Lakini viti vya ukuu ni sita, kimoja tu kiko mjini. Hata madam akipewa hicho cha mjini, vile vitano vya vijijini vinaenda kwa wanaume kwa sababu ndio walioko huko, hakuna aliyemnyima mtu kitu na bado wanawake wanatoka na kiti kimoja kati ya sita.

Na madam hawajarundikana mjini kwa kupenda starehe. Mwalimu wa kike akiolewa, yeye ndo anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, ni mara chache sana mume amfuate mke kijijini. Ongeza na nyumba za walimu ambazo hazipo au zipo hazina mlango unaofunga, maji ya kufuata mbali, binti wa miaka 24 anapangishwa chumba peke yake kwenye kijiji ambako hamjui mtu. Anahama akipata nafasi, na ngazi ya uongozi anaiacha kulekule.

Kuna jambo jingine watu hawaliangalii, mgawanyo wa majukumu ndani ya shule. Hizi nafasi hazitangazwi gazetini mtu akaomba, unapendekezwa kisha unateuliwa, kwa hiyo anayependekezwa ni yule ambaye afisa elimu ameshamzoea. Nani anamzoea? Mwalimu wa taaluma, maana ndiye anayepeleka matokeo na takwimu. Sasa angalia nani anapewa taaluma na nidhamu, na nani anapewa umatroni, usafi, malezi ya wasichana na kusimamia chakula cha wageni siku ya mahafali. Hata majina yenyewe ya sekondari yanasema: akademiki masta, disiplini masta, sekondi masta. Kazi ya matroni ni nzito mno, mtoto akiugua saa nane usiku ni yeye anaamshwa, ila hakuna anayeihesabu kuwa ni uongozi, na hilo linaniuma kuliko yote.

Shangazi yangu alifundisha maisha yake yote. Akiwa na miaka 40 alipata barua ya uteuzi, shule iko kilomita arobaini na kitu kutoka nyumbani, mume kazi yake mjini na mtoto wa mwisho yuko chekechea. Ile barua ilikaa siku tatu chini ya kitambaa cha kabati, kila mtu nyumbani anajua ipo na hakuna anayeitaja. Alipiga hesabu: kile atakachopata, toa chumba cha pili, toa nauli, toa dada wa kulea mtoto, hamna kitu. Akairudisha. Ikabaki kwenye faili kwamba alikataa, na miaka 14 hakuna aliyemuuliza tena.

Wanaokubali nao wanakutana na yao. Siku hizi madarasa yanajengwa kwa fosi akaunti, yaani shule inajenga yenyewe bila mkandarasi, hela inaingia akaunti ya shule, na mwalimu mkuu ndiye anayehangaika na mafundi, mchanga, nondo na stoo ya saruji mpaka usiku, huku simu inaita takwimu zinatakiwa leo leo. Akiwa mwanamke fundi anauliza "mwenye mradi yuko wapi?" wakati amesimama mbele yake. Na maneno hayakosi, kwamba kabebwa na bosi fulani. Wapo pia wanaoombwa mwili ndo wapate cheo, jambo ambalo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inasema wazi ni kosa la jinai.

Kenya nako walionja hili la umbali. Mwaka 2018 TSC, tume yao ya kuajiri walimu, ilianza kuwahamisha walimu wakuu kwenda nje ya kaunti zao, familia zikagawanyika, hadi wabunge wakaja kuitaka iachane na huo mpango. Mwanamke mwenye watoto wadogo akiona vile, ataombaje ukuu?

Hasara inawafikia watoto. UNICEF mwaka 2022 walichambua matokeo ya upimaji wa PASEC wa nchi zinazotumia Kifaransa, wakakuta Benin, Madagaska, Senegali na Togo wanafunzi wa shule zinazoongozwa na wanawake wanafanya vizuri zaidi kwenye hisabati na kusoma.

Shangazi aliteuliwa tena akiwa na miaka 54, watoto wameshatoka nyumbani, shule ya safari hii daladala moja tu. Akaongoza miaka sita, akafika 60 akastaafu. Siku ya kumuaga niliona ule ubao wa majina ya walimu wakuu ukutani nyuma ya meza yake, majina tisa tangu shule ifunguliwe, na lake ndilo pekee la mwanamke.