PulseAudio na JACK hazina haja ya kufukuzana: dhana potofu kuhusu sauti kwenye Linux

“Iondoe PulseAudio, ndiyo inayogombana na JACK.” Hizo ni programu mbili zinazosimamia sauti kwenye kompyuta za Linux. Nimeusikia ushauri huu Majengo na Kisauni, mitaa ya Mombasa, na kila mara hutolewa kwa nia njema. Kijana mmoja mpiga udi, aliyesumbuliwa na mikwaruzo kwenye rekodi zake, aliufuata kwenye laptopu yake ya mtumba. Kivinjari kikawa bubu, alama ya sauti ikatoweka kwenye skrini, na rekodi zikabaki na mikwaruzo ileile. Iliniuma, kwa sababu hakuwa amekosea popote ila kuamini.

Ukweli ni kwamba mifumo hii imepandana kama ghorofa. Chini kabisa ipo ALSA, ndani ya kerneli yenyewe (kiini cha Linux), nayo ndiyo inayoendesha kadi ya sauti. PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004, hukaa juu yake na kuchanganya sauti za programu za kila siku. JACK ni ya watu wa studio, wanaotaka sauti isichelewe na waweze kuunganisha programu moja na nyingine kana kwamba wana nyaya mkononi. Ugomvi ulikuwapo kweli, lakini ulikuwa wa kugombea kadi moja: JACK ikishaishika, PulseAudio hubaki nje. Kwa hiyo waliotoa ushauri ule zamani walikuwa na sababu.

Kisha Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat akaanzisha PipeWire, seva ya sauti (programu inayosimamia sauti zote) inayofanya kazi za PulseAudio na JACK kwa pamoja. Fedora 34, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliifanya seva yake ya sauti mwaka 2021, Ubuntu, nayo ya Linux, ikafuata kwa toleo la 22.10, na PipeWire 1.0 ikatoka Novemba 2023. Hii ni kama feri ya Likoni: mwenda kwa miguu, tuktuk na lori hupanda chombo kimoja. Firefox huongea nayo ikidhani ni PulseAudio, na Ardour, programu ya kurekodi muziki, huongea nayo ikidhani ni JACK. Kwenye Debian na Ubuntu, sakinisha pipewire-jack, kisha kwenye dirisha la amri (terminal) andika pw-jack kabla ya jina la programu yako.

“Amri ya pactl, ya kuiongoza PulseAudio, inafanya kazi, basi bado natumia PulseAudio.” Sivyo. PipeWire huijibu amri hiyo pia. Andika pactl info, utazame mstari wa jina la seva: ukitaja PipeWire, umeshahamia.

“Bafa ikiwa ndogo zaidi, ndivyo bora.” Bafa ni fungu la sauti ambalo kompyuta hulichakata kwa mara moja, na hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni kama milisekunde 21, na ya 256 ni kama 5. Ukishuka hadi 64, prosesa ina milisekunde 1.3 tu kumaliza kazi, na ikichelewa ndipo mikwaruzo inapoingia. Kijana wetu alikuwa ameweka 64. Tuliandika pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256, na udi ukasikika safi. Wakati wa kuchanganya nyimbo hupigi ala, basi panda hadi 1024. Ukiandika 0 mahali pa 256, mfumo hujiamulia tena.

“Hakuna sauti, basi hakuna dereva (programu ya kuendesha kadi ya sauti).” Fungua alsamixer kwanza, programu ya kurekebisha sauti za ALSA, bonyeza F6 uchague kadi, uangalie kama chini ya mhimili wa sauti pameandikwa MM. Maana yake sauti imezimwa tu. Bonyeza M uiwashe.