Siyar ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia Uislamu na siasa za kimataifa akili inakimbilia jihadi moja kwa moja, wakati wanazuoni walikuwa na somo zima linaitwa siyar, yani sheria za jinsi dola ya Kiislamu inavyoishi na wengine: vita, mikataba, mabalozi, wafanyabiashara wanaovuka mipaka, yote hayo. Aliyeliandika kwa upana ni Imam Muhammad al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alifariki 805. Hugo Grotius ambaye Ulaya wanamuita baba wa sheria za kimataifa, kitabu chake cha vita na amani kilitoka 1625. Piga hesabu mwenyewe.

Vyuoni wanakaririshana kwamba dunia iligawanywa mbili tu, dar al-Islam, nchi ya Uislamu, na dar al-harb, nchi ya vita (dar ni hiyo hiyo ya Dar es Salaam, makazi). Mgawanyo upo kweli, ila ni istilahi za mafakihi, yani wanazuoni wa sheria, kwenye Qur'ani huzikuti, na wengine wakaongeza la tatu, dar al-ahd, nchi yenye mkataba. Kwangu mimi roho ya siyar iko hapo kwenye mkataba.

Chukua mkataba wa Hudaybiya, karibu na Makka, 628. Sulhu ya miaka 10 kati ya Waislamu na Makureshi, kabila lililotawala Makka, na sharti mojawapo ni kwamba anayetoroka Makka kuja kwa Waislamu bila ruhusa ya walii (mlezi) wake anarudishwa. Sasa mkataba ndo unaandikwa, anatokea Abu Jandal anajikokota na minyororo, Muislamu, na baba yake Suhayl ndo huyo huyo anayewasemea Makureshi. Masahaba iliwauma sana, ila Mtume (s.a.w.) akamrudisha, akamwambia avute subira, tumeshapeana ahadi na hatuwezi kuwafanyia khiana.

Kwenye siasa za kimataifa wenye nadharia ya uhalisia (realism) wanasema nchi zinafuata nguvu na maslahi, mkataba ukiacha kukufaa unauvunja. Siyar inakataa, hata ukihofia khiana ya upande wa pili Suratul Anfal aya ya 58 inataka uwarudishie mkataba wao waziwazi kwanza, sio kuwavizia.

Halafu kuna aman, ndo neno letu amani lilikotoka, kwenye siyar ni hifadhi anayopewa mtu wa upande wa adui, na sio mtawala tu anayeitoa. Waislamu walipoiteka Makka 630 Umm Hani alimpa hifadhi jamaa wa mumewe, kaka yake mwenyewe, Ali, akataka kumuua huyo jamaa, mama wa watu akaenda mwenyewe kwa Mtume kumshtaki Ali. Akajibiwa: tumemlinda uliyemlinda, ewe Umm Hani.