Je, wajua kwa nini mtu huja kukagua nyumba yako kabla ya kukupa paka?

Kwa aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, paka hana masharti. Huingia akitaka, hula vichwa vya samaki, hulala barazani, na kesho yuko kwa jirani. Basi Mswahili aliyehamia Uingereza, akaenda kwenye kituo cha kuokoa wanyama kutafuta paka, hushangaa akiambiwa kwamba kabla ya kupewa lazima kwanza mtu aje aione nyumba. Kuiona ya nini? Anakuja kupima mshahara, au usafi?

Mara nyingi anayekuja ni mtu wa kujitolea tu, mpenda paka, na hana haja na kochi lako. Anamfikiria paka ambaye tayari amepoteza nyumba mara moja: mwenyewe amefariki, au amehama akamwacha, au ameokotwa mtaani akiwa na mimba. Akipelekwa mahali pasipomfaa atarudishwa kituoni, na kila safari ya namna hiyo humzidishia woga. Vituo hivi vina uzoefu wa miaka mingi. Kile cha Battersea, London, kimepokea paka tangu 1883, na shirika la Cats Protection lilianzishwa 1927.

Sasa, mgeni akija sisi hupiga deki, tukapamba meza kwa maua. Maua hayo ndiyo yanayoweza kumshtua mkaguzi. Yungiyungi (kwa Kiingereza lily), yale maua makubwa yenye harufu nzito na chavua ya rangi ya chungwa inayochafua nguo, ni sumu kali kwa paka. Si lazima ayatafune. Chavua ikimdondokea mgongoni naye akajiramba manyoya, au akinywa maji ya chombo cha maua, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku chache. Kuyaweka juu ya kabati hakusaidii, kwa sababu paka hupanda. Yasiingie kabisa nyumbani.

Baada ya hapo macho yake huenda madirishani. Watu huamini kwamba paka hawezi kuanguka, na imani hiyo inawaua wengi. Akimwona ndege huruka bila kukumbuka kwamba yuko ghorofa ya nne, na huweza kuvunjika taya, kifua na miguu. Hatari nyingine wengi hawaijui kabisa. Ujerumani na nchi jirani yako madirisha ambayo sehemu ya juu huinamia ndani ili kupitisha hewa. Paka hujaribu kutokea kwenye uwazi ule, huteleza hadi pembeni panapobana, na kadiri anavyohangaika ndivyo anavyozidi kushuka na kubanwa tumbo. Damu haifiki miguu ya nyuma. Wanaokutwa kwa kuchelewa huwa wamepooza au wamekufa. Wavu imara dirishani na kwenye roshani unatosha kumzuia asianguke, ingawa uwazi wa dirisha linaloinama unahitaji kizuizi chake, na mkaguzi akikuta vimeshafungwa ataelewa mengi bila kuuliza.

Atauliza pia dawa zinakaa wapi. Panadol tunayoiacha juu ya meza bila wasiwasi inaweza kumuua paka kwa kidonge kimoja, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja kama letu. Kama una mbwa, sema unatumia dawa gani ya viroboto. Baadhi ya dawa za mbwa zina permethrini, ambayo humtia paka kifafa, na wapo waliowapaka paka wao kwa nia njema kabisa wakawapoteza.

Maswali mengine hayachukui muda. Wote mnaoishi humo mmekubali? Kuna watoto wadogo? Kama umepanga, tafuta mapema barua ya mwenye nyumba. Chagua pia daktari wa wanyama wa karibu. England, tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria inataka kila paka wa nyumbani awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla hajafikisha wiki 20. Paka wa kituo kwa kawaida huja nayo, lakini anwani iliyosajiliwa lazima iwe yako.

Ukiishi kando ya barabara kubwa usikate tamaa. Wapo paka wasiotakiwa kutoka nje, kama wazee na wenye virusi vya FIV, ambavyo hudhoofisha kinga ya paka lakini havimwambukizi binadamu. Hao husubiri muda mrefu kuliko wenzao, na nyumba ya ghorofani yenye wavu huwafaa sana. Mkaguzi akiona kasoro, mara nyingi hukuambia urekebishe ili mambo yaendelee. Vituo vingi siku hizi hukagua kwa picha au video tu.

Kwa maoni yangu, maandalizi yenye thamani kuliko yote ni chumba kimoja kitulivu cha siku za mwanzo. Weka sanduku la mchanga kona moja, chakula na maji kona ya mbali, maana paka hapendi kula karibu na choo chake. Weka boksi la kadibodi lenye tundu ajifiche. Huenda akakaa humo au chini ya kitanda siku kadhaa, akitoka usiku tu. Usimvute. Kaa sakafuni, ongea taratibu, mwache aje mwenyewe.

Na mkaguzi kabla hajaaga, muulize paka anakula nini kwa sasa na anatumia mchanga wa aina gani, ununue huohuo. Kisha omba upewe kitambaa anacholalia kituoni. Kitakuwa na manyoya na kitanuka. Kitandike ndani ya lile boksi hivyo hivyo, usikifue, kwa sababu usiku wa kwanza harufu ile ndiyo kitu pekee atakachokitambua.