Kinundu cheupe sikioni si jipu, wala si adhabu ya muchomo (nyama choma)

Kampala ukisema una jongo, ugonjwa wa maumivu ya viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, utasikia: "Mzee, umezidisha muchomo na bia!" Kwa aliyepandikizwa figo, utani huo unapotosha. Kabla ya Hospitali ya Mulago kupandikiza figo ya kwanza nchini Uganda, Desemba 2023, wengi walikwenda India, na popote mtu alipopandikizwa, humeza kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae figo. Mojawapo, saiklosporini, huipunguzia figo uwezo wa kutoa asidi ya yuriki. Dawa za kukojoza huongeza tatizo.

Asidi hiyo ikizidi hugeuka chembechembe na kufanya vinundu chini ya ngozi: vidoleni, viwikoni, ukingoni mwa sikio. Kinundu ni kigumu, mara nyingi hakiumi, na weupe wake huonekana kwa ndani. Kikipasuka hutoka kitu kama chaki iliyolowa, nao watu husema ni usaha, kisha wanakikamua. Hapo ndipo naogopa: kinga yako imeshushwa makusudi, na kidonda ni mlango wa vijidudu.

Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, usijinunulie dukani. Ikikutana na azathioprini, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo ambayo baadhi ya waliopandikizwa huitumia, seli za damu zinaweza kushuka vibaya. Mwonyeshe daktari wako wa figo kinundu kabla hujakigusa.