Je, wajua kwa nini pakiti ya video haisemi imebeba nini?

Wengi wanaotuma sauti au video kutoka kompyuta moja kwenda nyingine huamini kwamba upande wa pili utautambua muundo kwa kuangalia tu data inayoingia. Imani hiyo imetokana na mafaili. Faili la video hubeba ndani yake maelezo ya kodeki (kanuni ya kubana na kufungua sauti au picha) na ukubwa wa picha, ndiyo maana ukilibofya linafunguka. Mtiririko wa moja kwa moja hauna ukurasa wa kwanza. Mtu hujiunga katikati, na pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ya kwanza kumfikia yeye huenda ni ya elfu tisa kutumwa.

Chukua RTP, itifaki inayobeba simu za intaneti na mikutano ya video kwenye vivinjari. Ilichapishwa mwaka 1996, ikaandikwa upya 2003. Kichwa cha pakiti yake kina baiti 12 tu kwa uchache, na aina ya mzigo imepewa biti 7, yaani namba 0 hadi 127. Namba 0 na 8 ni za kodeki za zamani za simu. Namba 96 hadi 127 ziliachwa wazi kwa makusudi, na kila kikao huzipa maana yake.

Fikiria gunia kwenye basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam, limeandikwa 96 kwa wino mzito. Kondakta hajui kama ndani mna mchele au dagaa, wala hahitaji kujua. Anayelipokea anajua kwa sababu alipigiwa simu kabla basi halijafika. Asiyepigiwa simu amebaki na gunia na namba, na kesho 96 hiyohiyo inaweza kuwa mzigo mwingine kabisa.

Simu hiyo kwenye RTP ni maelezo ya SDP, maandishi mafupi yanayopita njia ya pembeni na kusema, kwa mfano, kwamba 96 ni H264/90000, yaani kodeki ya video ya H264. Tarakimu za mwisho ni mapigo ya saa kwa sekunde. Ni namba iliyochaguliwa kwa ustadi: inagawanyika kwa picha 24, 25 na 30 bila baki, na hata kwa 29.97 za televisheni ya Marekani kila picha hupata mapigo 3,003 kamili.

Kwa hiyo mwenye muundo wake mwenyewe huchagua namba, jina na kasi ya saa, kisha huandika kanuni ya kuikata data vipande vinavyoenea kwenye pakiti. Kazi ngumu iko hapa, kwa kuwa UDP, itifaki ambayo kwa kawaida husafirisha pakiti za RTP, hairudii kutuma kilichopotea.

Si mitiririko yote iko hivi. MPEG-TS ya televisheni za kidijitali hurudia majedwali ya maelezo yake kila mara, ili anayewasha runinga katikati ya kipindi aelewe.

Na makubaliano hushinda hata ukweli. Kodeki ya sauti ya G.722 huchukua sampuli 16,000 kwa sekunde, lakini saa yake katika RTP husomeka 8,000. Ilikosewa katika RFC 1890, mojawapo ya hati za kanuni za intaneti, ya mwaka 1996. RFC 3551 ya 2003 ilikiri kosa hilo waziwazi, ikaagiza libaki kama lilivyo ili vifaa vya zamani viendelee kuelewana na vipya.